Naloksoni ya sindano au ya pua: ipi uiweke nyumbani?

Ampuli ya naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, ni kichupa cha kioo, kifupi kuliko kidole cha shahada. Ndani mna dawa ya maji isiyo na rangi, mililita moja tu, na ubavuni pameandikwa Naloxone 0.4 mg. Siku niliyomwonyesha mama alikisogeza dirishani kwenye mwanga, akakigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Hiki ndicho kingemwamsha mdogo wako?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Hakusema neno tena. Alikaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 26. Alikaa miezi minne kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile tunazoziita soba, akarudi nyumbani Ngarenaro, hapa Arusha, amenenepa, anasali, anambebea mama mizigo kwenda sokoni Kilombero. Wiki ya pili akateleza. Alitumia unga, yaani heroini, kiasi kile kile alichokuwa amekizoea zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Usiku tulimsikia akikoroma kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mtu mwenye maji kooni. Mama akasema afadhali, leo mwanangu kapata usingizi. Haukuwa usingizi. Tulipoingia chumbani tukammwagia maji, tukampiga makofi, jirani akaja mbio na kikombe cha maziwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosaidia, na maziwa kwa mtu asiyejitambua yanaweza kumpalia akafa kwa hayo.

Tangu hapo nimekaa na familia nyingi za hapa Arusha zenye kijana anayetumia unga. Mimi si daktari; ninachowaeleza ni kile nilichofundishwa na wauguzi na nilichokiona kwa macho. Swali linalorudi kila mara ni hili: nitafute ya sindano au ya pua? Wengine huongeza la tatu: au nihifadhi tu namba ya bajaji ya kunikimbiza hospitali? Basi nitayalinganisha yote matatu.

Kwanza, dawa yenyewe

Heroini, mofini, kodeini, tramadoli na methadone (dawa wanayopewa wanaotibiwa uraibu wa heroini) zote hukaa kwenye viti vile vile ndani ya ubongo. Zikijaa hapo kupita kiasi, ubongo huacha kuyaamuru mapafu yavute hewa. Anayezidiwa na unga anakufa kwa kukosa pumzi. Naloksoni huja ikaisukuma heroini na kukikalia kiti chake, na pumzi ikarudi, mara nyingi ndani ya dakika mbili hadi tano.

Ni dawa ya siku nyingi. Marekani iliiruhusu mwaka 1971, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 1983. Mwaka 2014 shirika hilo lilitoa mwongozo kwamba mtu yeyote anayeweza kujikuta mbele ya aliyezidiwa, awe ndugu, rafiki au mtumiaji mwenzake, apatiwe dawa hii na afundishwe kuitumia. Kwa hiyo mzazi anayemwomba daktari cheti cha naloksoni haombi kitu cha ajabu. Wala si dawa ya kulevya. Haileweshi, haina soko kijiweni, na ukimpa mtu ambaye hakutumia unga kabisa haimdhuru.

Kutegemea hospitali peke yake

Hili ndilo chaguo la nyumba nyingi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuna jingine. Hospitali ina mengi usiyoweza kuwa nayo wewe: hewa ya oksijeni, mtu wa kumwangalia usiku kucha, dawa ya kurudia kadiri inavyohitajika. Shida ni dakika. Ubongo ukikosa hewa dakika nne au tano unaanza kuharibika.

Sasa hesabu mwenyewe. Kutoka Sombetini au Unga Limited hadi hospitali ya Mount Meru si safari ndefu. Lakini kabla ya safari kuna kuvunja mlango wa choo aliojifungia, kuna wenzake wa maskani waliokimbia kwa kuogopa polisi, kuna kutafuta nauli, kuna kubishana kama kalewa tu au vipi. Bodaboda haiwezi kumbeba mtu asiyejishika. Bajaji ya saa nane usiku unaisubiri. Nimekaa na familia saba zilizopoteza mtu kwa namna hii, na katika zote hizo umbali haukuwa tatizo. Muda uliishia nyumbani.

Kwa hiyo hospitali ni hatua ya pili, na hatua hiyo usiiruke. Nitaeleza sababu huko mbele.

Ampuli na bomba la sindano

Hii ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi kwetu, maana ndiyo wanayotumia mahospitalini. Bei yake ni nafuu sana ukilinganisha na ya pua. Ni dawa ya cheti, basi usianzie duka la dawa la mtaani kwako, kwa kuwa maduka ya dawa muhimu yana orodha fupi ya vitu yanavyoruhusiwa kuuza. Anza kwa daktari, kisha nenda famasi kubwa. Kama kijana wako yuko kwenye methadone, muulize muuguzi wa kliniki hiyo. Wao wanaijua dawa hii kuliko mtu mwingine yeyote mjini.

Mbali na ampuli unahitaji bomba la 2 cc lenye sindano ndefu inayofika kwenye msuli. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mabomba madogo ya insulini, ambayo vijana wengi wanaojidunga wanayo mfukoni, sindano yake ni fupi. Dawa huishia chini ya ngozi na kufanya kazi polepole. Kama hilo ndilo pekee lililopo, tumia hilo hilo usisubiri. Lakini ukiwa unajiandaa mapema, nunua bomba linalofaa.

Unavunja shingo ya ampuli, unavuta dawa yote, unachoma paja upande wa nje au msuli wa juu ya mkono, hata kupitia kwenye suruali. Unasubiri dakika mbili au tatu huku ukimpulizia pumzi. Asipoanza kupumua mwenyewe, unampa ya pili. Ndiyo maana ampuli moja haitoshi. Mimi nasema ziwe tatu.

Ukisoma hivi inaonekana kazi nyepesi. Mama mmoja wa Sombetini, muuza ndizi, mikono yake imezoea panga tangu utotoni, alipokishika kioo kile akaanza kutetemeka. Alikivunja kwa kukielekezea kwake, kikamkata kidole gumba. Tulikuwa tunafanyia mazoezi ampuli za maji ya sindano, ambazo ni za bei ndogo. Mara ya pili nikamwonyesha kufunika shingo ya kichupa kwa pindo la kanga na kuivunjia nje, mbali na mwili. Ikakatika safi. Tukachoma chungwa, tena na tena, mpaka mkono ukatulia. Mara ya sita alivunja, akavuta, akachoma, nami nimeshika simu nikihesabu: sekunde 40. Nilimwona akinyanyua uso. Mtu wa kawaida anaweza, ila lazima afanye mazoezi, na ayarudie kila baada ya miezi michache.

Faida kubwa ya ampuli haisemwi sana, nayo ni udogo wa dozi. Miligramu 0.4 mara nyingi inatosha kurudisha pumzi bila kumtupa mtu kwenye arosto kali, yaani mateso ya mwili unaokosa unga ghafla. Anayeamka na arosto ya ghafla anatapika, anatetemeka, ana hasira, na anachotaka ni kutoka nje akatafute kete nyingine. Akiondoka hivyo ndipo hatari inaporudi.

Upungufu wake ni kioo kinachovunjika, hofu ya sindano, na jambo ambalo vijana wenyewe huniambia: kukutwa na bomba mfukoni kunawaletea matatizo wakisimamishwa. Kwa nyumbani hilo si tatizo kubwa. Kwa maskani ni kubwa.

Kuna pia bomba linalotoka kiwandani likiwa limejazwa tayari, lina alama tano, na kila alama ni dozi moja ya 0.4. Uingereza wanalitumia sana kwa familia. Linaondoa kabisa shida ya kioo. Ukikutana nalo, lichukue.

Ya pua

Ni kifaa kidogo cha plastiki kinachoshikwa kwa vidole viwili na kusukumwa kwa gumba. Maarufu zaidi ni Narcan, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015. Ndani mna dozi moja ya miligramu 4. Unamlaza chali, unainua kidevu, unaingiza ncha kwenye tundu moja la pua, unasukuma mara moja, basi. Hata kama hapumui inafanya kazi, kwa sababu dawa hunyonywa na ngozi laini ya ndani ya pua. Usijaribu kwanza kuona kama inatoka: ukisukuma mara moja hewani, dozi yote imekwenda.

Kwa urahisi hakuna kinachoishinda. Bibi mwenye miaka 70 anaweza. Mtoto wa darasa la saba anaweza. Mtu anayezimia akiona sindano anaweza. Polisi akiikuta mfukoni haina sindano ya kumtia wasiwasi.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2023, Narcan ilipoanza kuuzwa Marekani bila cheti, boksi lenye dozi mbili lilikuwa karibu dola 45. Kwa familia inayoishi kwa kuuza mboga, hiyo ni kodi ya chumba kwa miezi. Nami nilipozunguka famasi za katikati ya mji nikiuliza, nilionyeshwa ampuli. Ya pua sikuonyeshwa. Wengi wanaoipata wameletewa na ndugu aliye nje.

Halafu kuna nguvu yake. Dawa ya puani haiingii yote mwilini, lakini hata hivyo miligramu 4 za pua huleta damuni kiasi kinachokaribia mara tano ya ampuli moja. Ndiyo maana arosto yake ni kali zaidi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2024, uliohusu dawa iliyotolewa na polisi wa jimbo la New York, ulilinganisha dawa ya pua ya miligramu 8 na ya miligramu 4: waliopona hawakuongezeka, bali waliopata arosto waliongezeka. Kwa hiyo ukiona tangazo la dawa ya pua yenye nguvu mara dufu, usihangaike kuitafuta.

Na kasi je? Sydney walijaribu kiasi sawa, miligramu 0.8, kwa pua na kwa msuli. Ya msuli ilirudisha pumzi mapema zaidi, na waliopewa ya pua walihitaji dozi ya nyongeza mara nyingi zaidi. Hapo pia pana onyo kwa wenye ampuli: kuna watu wanaoogopa kuchoma wakadondoshea ampuli puani. Usifanye hivyo. Miligramu 0.4 puani ni kidogo mno, na nyingi itateremkia kooni. Ampuli ni ya kuchoma.

Kuhusu kuhifadhi, zote mbili zinataka mahali pasipozidi nyuzi 25, mbali na jua. Tuna bahati, Arusha iko juu, karibu mita 1,400, kabati la ndani linatosha na hakuna haja ya friji. Mahali pa kuepuka ni chini ya bati mwezi Februari, na kwenye bajaji iliyoegeshwa juani. Angalia tarehe ya mwisho kila msimu wa mvua unapoanza, ili usisahau.

Nani atakuwepo?

Swali hili ndilo linaloamua kuliko bei na kuliko nguvu. Aliyezidiwa hawezi kujipa dawa. Lazima awepo mtu mwingine, ajue ilipo, na asikimbie.

Wazazi wengi huinunua wakaifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule, ufunguo ukakaa kwenye pochi ya mama, na mama yuko sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Kijana anatumia saa nne asubuhi, nyuma ya gereji, na wenzake wawili. Dawa hiyo ni kama haipo. Mama yule wa Sombetini aliniambia jambo lililonichoma: "Mwanangu, mimi naijua dawa, ila sijui alipo mtoto." Tukaenda pamoja maskani. Aliwasalimia wale vijana kama anavyowasalimia wa kwake, akamwita pembeni mmoja anayeaminika, na huyo ndiye tuliyemfundisha. Hata kuchoma hatukuhitaji kumfundisha kwa muda mrefu. Hawa tunaowaita mateja, na jina hilo naomba tuliache, mikono yao inaijua sindano kuliko yetu. Tulichomfundisha ni msuli badala ya mshipa, kuhesabu pumzi, na kutomwacha mwenzake peke yake.

Uskoti wamekuwa na mpango wa nchi nzima wa kuwapa watumiaji na familia zao naloksoni tangu 2011. Australia inaitoa bure tangu Julai 2022. Kwetu, matibabu ya methadone yalianza Muhimbili Februari 2011, yakafika mikoani, na Arusha tunayo. Mimi naamini kliniki hizo ndizo mlango wa kwanza wa dawa hii kutoka kwenda majumbani: kila anayeandikishwa, na kila anayeacha kuhudhuria, aondoke na ampuli zake na ndugu mmoja aliyefundishwa. Vivyo hivyo nyumba za upataji nafuu siku ya kumruhusu mtu, na magereza siku ya kumwachia. Majuma yale ya kwanza baada ya kutoka ndiyo ya hatari kuu. Kama ningelijua hilo ningelala chumbani kwa mdogo wangu.

Yasiyobadilika, uwe na ipi

Dalili ni zile zile: hajibu hata ukimsugua kifua kwa konzi, anapumua kwa shida au hapumui, mboni zimebana kama ncha ya pini, anakoroma kwa mkwaruzo. Kwa ngozi zetu usitafute rangi ya bluu. Angalia midomo kwa ndani na kucha, utaona ukijivu. Piga kelele ya msaada, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Pumzi yako ni dawa pia, na haihitaji cheti. Akianza kupumua mlaze ubavu.

Halafu usiende kulala. Naloksoni hukaa mwilini kati ya dakika 30 na 90 hivi, na unga unaweza kubaki ukimsubiri. Kaa naye angalau saa mbili, usimruhusu atumie tena, na mpeleke hospitali. Kama alichokunywa ni methadone, hapo hakuna mjadala, nenda mara moja: methadone hukaa zaidi ya siku nzima, na dozi moja ya naloksoni itaisha mapema kabla yake. Hili linawahusu pia wenye watoto wadogo nyumbani ambao wanaweza kuifikia chupa ya methadone ya mkubwa.

Kama alichanganya na gongo au vidonge vya usingizi, naloksoni itaondoa sehemu ya unga tu. Mpe hata hivyo, na endelea kumpulizia.

Ningechagua hivi

Nyumba yenye mtu mzima mmoja aliye tayari kujifunza, kipato cha kawaida, kijana anatumia nyumbani au karibu: ampuli tatu, mabomba mawili yenye sindano ndefu, ndani ya boksi gumu, mahali ambapo watu watatu wanapajua. Usichelewe kwa kusubiri ndugu alete ya pua kutoka ng'ambo.

Nyumba ambayo mchana wanabaki bibi na wajukuu, au mwenye mikono dhaifu, au mtu ambaye hata kwa chungwa hawezi: tafuta ya pua, hata kama ndugu watachangishana. Ikikosekana, mfundishe jirani ampuli na umwonyeshe mahali zilipo.

Maskani: ya pua ingekuwa bora kwa sababu ya kubebeka bila sindano. Lakini ampuli kwa kijana aliyefundishwa ni bora mara mia kuliko maji ya ndoo.

Na aliyetoka soba au gerezani mwezi huu, hata kama anaonekana mzima na anakwenda kanisani au msikitini kila siku: usiulize ipi. Chukua yoyote utakayoipata kwanza.

Mama anayo boksi yake, bati la biskuti, juu ya kabati la vyombo. Jirani zetu wawili wanajua lilipo, na mtoto wa dada yangu pia. Watu humuuliza ya nini sasa, wakati mwanawe ameshakwenda. Rafiki zake bado hupita kumsalimu, hukaa pale barazani, na mama huwapa chai.